Wasomaji Wanauliza: Lenzi Ipi Ikae Kwenye Kamera Siku Nzima?

SWALI: Habari za kazi. Nina Canon 700D na lenzi iliyokuja nayo, 18-55. Napiga harusi na sendofu hapa Mtwara mjini, wikiendi napiga mechi uwanja wa Nangwanda Sijaona, na wageni wakija nawapeleka Mikindani na Msimbati. Nimechoka na lenzi isiyofika. Nataka moja tu ya kufanya yote. Muuzaji wa Dar ananisukuma nichukue Tamron 18-400. Nichukue?
*Msomaji wa Chikongola, Mtwara*

JIBU: Usichukue, ndugu yetu. Si kwamba ni mbovu. Ni kwamba wewe una shida mbili na lenzi hiyo inatibu moja huku ikiizidisha ya pili. Mechi inataka umbali, ukumbi wa harusi unataka mwanga. Mwisho wa zumu ya 18-400 tundu la kupitishia mwanga halifunguki zaidi ya f/6.3 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), na lenzi yenyewe ina uzito wa gramu 710. Saa sita shingoni kwenye sherehe, utaijua.

Kabla ya kutoa hela, ziulize picha zako mwenyewe. Kwenye kompyuta ya Windows fungua folda ya picha, weka mwonekano wa safu, bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya majina ya safu, kisha ongeza safu ya urefu wa fokasi (Focal length), zile milimita za lenzi: ndogo huona pana, kubwa huvuta mbali. Utaona kila picha ilipigwa kwa milimita ngapi. Kagua kama 300 hivi, za harusi peke yake na za mechi peke yake. Zikijaa kwenye 55, kweli hufiki mbali. Zikijaa kwenye 18, tatizo lako ni upana, na hata ukinunua lenzi ndefu kiasi gani bado utakuwa unagonga ukuta kwa mgongo.

Kihisi cha kamera yako, kile kipande kinachopokea picha, kina upana wa milimita 22.3, kwa hiyo hesabu ni rahisi: zidisha umbali kwa 22.3, gawa kwa urefu wa fokasi. Ukisimama mita 3 mbele ya meza kuu, 18 inachukua upana wa mita 3.7 na 15 inachukua karibu mita 4.5. Milimita 3 tu, lakini ni tofauti ya kumkata shangazi wa pembeni au kumwacha ndani. Uwanjani, goli likiwa mita 50 kutoka uliposimama, 55 inakupa upana wa mita 20, yaani goli linakuwa kibanda cha mbali. Kwa 135 unapata mita 8.3, na goli lenyewe lina mita 7.32. Limejaa fremu. Ndiyo maana tunasema 135 inatosha kwa mpiga picha asiyeishi kwa mpira peke yake.

Sasa mwanga. Tuseme ukumbini, ISO 6400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), lenzi ya f/5.6 inakulazimisha kushuka hadi shata ya 1/60 ya sekunde. Kwa mwanga uleule f/2.8 inakupa 1/250, maana inapitisha mwanga mara nne zaidi. Mtu anayecheza kwa 1/60 mikono yake inakuwa moshi. Na hapa ndipo wengi wanapodanganyika na kituliza-mtikisiko, zile herufi IS, VR, OS au VC. Kinatuliza mkono wako wewe. Bibi harusi hakimtulizi. Ukuta wa Boma la Mikindani jioni utaupiga kwa 1/15 na utatoka safi, ila ngoma ya sindimba kwa 1/15 ni vumbi tupu.

Ushauri wetu ni EF-S 18-135 f/3.5-5.6 IS STM ikae kwenye kamera, na mfukoni EF 50 f/1.8 STM. Ya kwanza ina gramu 480 na inafokasi kuanzia sentimita 39. Ya pili ina gramu 160, haina zumu, na kwa f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi ya f/5.6. Ukumbini, keki, pete na sura za watu zichukue na 50. Picha za kundi rudi kwenye 18 na uwashe fleshi ya nje inayogeuka, ukiielekeza kwenye dari kama dari ni jeupe na si refu. Tunajua ulitaka moja. Hizi mbili kwa pamoja zina gramu 640, bado pungufu ya ile 18-400.

Angalia herufi unaponunua. Kuna 18-135 ya mwaka 2009 isiyo na STM wala USM, ambazo ni aina za mota ya fokasi: mota yake ina kelele na inasikika kwenye video. Ya STM ilitoka 2012, ya USM 2016. Yoyote kati ya hizi mbili ni sawa.

Ukigundua kwamba harusi ndiyo inayokulisha na mpira ni burudani tu, basi geuza: chukua Sigma 17-50 f/2.8 OS au Canon 17-55 f/2.8 IS, usahau goli la upande wa pili. Kwa hela ya mtumba Sigma ndiyo tungeitafuta kwanza.

SWALI: Nipo Lindi mjini, natumia Canon 80D. Naenda Kilwa Kisiwani kupiga magofu kwa ajili ya kalenda. Jamaa ananiuzia 24-105 f/4 L yenye ule mstari mwekundu, anasema ndiyo lenzi ya kutembea nayo ya wataalamu. Pia nisaidieni: lenzi ikiandikwa EF-S, bado nazidisha 1.6?
*Msomaji wa Mitwero, Lindi*

JIBU: Jamaa hajakudanganya, kasahau kukuuliza una kamera gani. 24-105 ni lenzi ya kutembea nayo kwenye kamera ya fremu kamili, yaani yenye kihisi kikubwa kuliko chako. Kwenye 80D inaanza kuona kama 38 ya fremu kamili, upana umekufa. Ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa nguzo zimesongamana na huna pa kurudi nyuma. Mita 3 kutoka nguzo, 24 inakupa upana wa mita 2.8 tu.

Kuhusu kuzidisha: namba iliyoandikwa kwenye lenzi ni milimita halisi siku zote, iwe EF au EF-S. Unazidisha kwa 1.6 pale tu unapotaka kulinganisha na fremu kamili. Nikon, Sony na Fujifilm zenye kihisi kidogo kama hiki ni 1.5. Kwa hiyo 18-135 kwako ni sawa na 29-216. EF-S maana yake imetengenezwa kwa kihisi kidogo na haifungi kwenye kamera ya EF ya fremu kamili. Alama yake ni mraba mweupe badala ya nukta nyekundu.

Kwa kalenda ya magofu tungebeba EF-S 15-85 f/3.5-5.6 IS USM. Ni ya 2009, lakini ile 15 ya mwanzo ndiyo utakayoitumia nusu ya siku. Kama tayari una 18-135, baki nayo, ongeza EF-S 10-18 IS STM ya gramu 240. Zote mbili zinatumia filta ya milimita 67, kwa hiyo polaraiza moja, filta ya kupunguza mng'ao na kukoleza anga, inatosha. Ila polaraiza usiifunge kwenye 10 ukipiga anga: upande mmoja wa mbingu utakuwa bluu nzito na mwingine mweupe, kwa sababu upana huo unameza sehemu ya anga ambayo polaraiza haiifanyi kitu. Na fika mapema asubuhi. Saa sita mchana mawe ya matumbawe yanatoka bapa kama karatasi.

SWALI: Naagiza lenzi ya mtumba Kariakoo na ndugu yangu ndiye atakayeikagua. Si mpiga picha. Aangalie nini?
*Msomaji wa Masasi*

JIBU: Mpe kamera yako aende nayo; bila kamera ukaguzi ni nusu. Aanze na tochi ya simu. Afungue vifuniko vyote viwili, amulike kwa nyuma akitazama kwa mbele, pembeni kidogo, si moja kwa moja. Chembe chache za vumbi si kitu. Akiona nyuzi kama utando wa buibui au mizizi midogo, hiyo ni kuvu, aache. Akiona ukungu mweupe uliotanda sawasawa, aache pia, maana picha za jua la mbele zitakuwa na maziwa.

Azungushe zumu taratibu toka mwanzo hadi mwisho. Inapaswa kuteleza kwa uzito uleule. Ikikwaruza, ina mchanga. Aielekeze chini na kuitikisa kidogo: zumu kujishukia yenyewe ni uchovu wa kawaida kwa lenzi ndefu na ni sababu ya kushusha bei, si ya kukataa. Akisikia kitu kinacheza ndani asiogope haraka, lenzi nyingi zenye IS hutoa mlio mdogo zikiwa zimezimwa.

Kipimo ambacho wauzaji hawakipendi ni hiki. Aweke kamera kwenye Av (wewe unachagua tundu, kamera inachagua shata), f/8, apige picha moja kwa kila kituo: 18, 24, 35, 50, mpaka mwisho. Kisha arudie akiwa kwenye tundu kubwa kabisa. Kwenye zumu za Canon kuna utepe mwembamba wa umeme unaokunjwa kila unapozumu, na ukikatika tundu haliwezi kujifunga. Dalili yake ni kwamba tundu likiwa wazi kila kitu kinakubali, lakini kwa f/8 kamera inatoa Err 01, pengine kwenye kituo kimoja tu. Muuzaji akisema ni uchafu wa vile vidoti vya chuma vinavyounganisha lenzi na kamera, vifutwe kwa kitambaa kikavu na jaribio lirudiwe palepale. Ikirudi, ni utepe. Fundi anaweza kuubadilisha, lakini hiyo ni kazi ya kufungua lenzi nzima.

Mwisho apige ukuta wa matofali, amesimama sawa na ukuta, f/5.6, kisha avute picha na kulinganisha pembe nne. Pembe zote kuwa laini kidogo ni kawaida. Pembe moja ikiwa na ukungu na tatu zikiwa kali, lenzi iliwahi kuanguka, hata kama nje inang'aa.

SWALI: Nina Nikon D3200. Nimenunua 18-55 AF-P mpya kabisa na haifokasi. Hata nikizungusha kwa mkono hakuna kinachobadilika. Mbovu?
*Msomaji wa Newala*

JIBU: Nzima, ila haiendani na kamera yako. Herufi AF-P ni mota ya aina mpya ambayo D3200 haiifahamu, na kwa kuwa pete yake ya fokasi inaendeshwa na umeme, hata mkono hausaidii. D3100, D5100, D90 na D7000 zina tatizo hilohilo. Irudishe ubadilishiwe AF-S. Na ukiwa unabadilisha, ongeza kidogo uchukue AF-S 18-105 VR au 18-140 VR, ndizo za kutembea nazo kwa upande wa Nikon. Epuka zilizoandikwa AF au AF-D tu: hizo zinategemea mota iliyo ndani ya kamera, na D3200 haina.

SWALI: Kuvu imekula lenzi yangu ndani ya begi. Naweka mchele siku hizi. Unatosha?
*Msomaji wa Shangani, Mtwara*

JIBU: Mchele uupike, dada. Unanyonya unyevu kidogo sana na vumbi lake linaingia kwenye zumu. Pata dishi la plastiki lenye kifuniko cha mpira kinachobana, silika jeli gramu 200 hivi, na kipimo kidogo cha unyevu. Lenga asilimia 40 hadi 50. Ikipita 60 kuvu inapata makazi, ikishuka chini ya 30 mafuta ya ndani na mpira wa pete vinaanza kukauka. Chagua jeli ya rangi ya chungwa. Ikigeuka kijani imeshiba. Ikaushe kwenye bati juu ya moto mdogo, ukikoroga, mpaka rangi irudi. Bati hilo lisirudi kupikia.

Begi, hasa la ngozi, ni la kusafiria tu. Ukitoka pwani futa lenzi kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo yasiyo na chumvi, kisha kikavu, ndipo uifungie. Na ukitoka chumba cha kiyoyozi kwenda nje, iache kamera ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 20 hadi 30. Ukiifungua mapema, jasho litashika kioo, na lile lililoingia ndani huwezi kulifuta.