Boma lilihamwa mwaka 1998, mbona ukoka wake haukomi?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mfugaji wa Longido. Boma la marehemu baba tulilihama mwaka 1998, baada ya zile mvua za El Niño. Mpaka leo, pale palipokuwa na zizi pana ukoka uliostawi, duara kabisa kama limechorwa. Mvua ikigusa tu, pale ndipo panapotangulia kuwa kijani, na ng'ombe wakifika hapo hawaondoki bila fimbo. Sasa mwanangu wa sekondari ananiambia wamefundishwa kwamba kila hatua ya mnyororo wa chakula asilimia 90 inapotea. Kama inapotea, pale mbona haipotei? Na nikilima mahindi hapo, nitavuna miaka mingapi?

Jibu: Marahaba. Mwanao yuko sahihi, na ukoka wako pia haudanganyi. Tatizo ni kwamba yeye anazungumzia nishati na wewe unazungumzia virutubisho, na vitu hivi viwili havina safari moja.

Tuanze na cha mtoto. Jani la nyasi hunasa sehemu ndogo mno ya mwanga wa jua unaolipiga, takriban asilimia 1 au chini ya hapo. Ng'ombe analila jani lile. Usiku ingia zizini umguse ubavuni: lile joto unalolisikia mkononi ni jua la juzi linaondoka. Nyingine inatoka kwenye gesi anayocheulia, nyingine kwenye kutembea kwenda kisimani na kurudi. Inayobaki na kugeuka nyama ni kidogo sana. Hiyo asilimia 10 wanayofundishwa darasani ni kadirio la jumla, na asili yake ni kazi ya Mmarekani Raymond Lindeman aliyechunguza ziwa dogo huko Minnesota. Makala yake ilitoka mwaka 1942, mwaka uleule aliofariki akiwa na miaka 26 tu. Wanyama wenye damu moto kama ng'ombe hawafiki hata hapo, kwa sababu sehemu kubwa ya chakula chao ni kuni za kujipasha joto.

Hata kinyesi bado kina nishati, ndiyo maana kikikauka kinawaka. Lakini mchwa, bakteria na wale mbawakawa wanaoviringisha vinyesi wataila hadi ya mwisho, nayo itaishia kuwa joto lilelile. Hakuna jani linaloweza kuota kwa joto la ng'ombe. Kila asubuhi nyasi zinasubiri jua jipya.

Virutubisho ni habari nyingine. Chukua fosforasi. Haichomeki ikaisha, haigeuki hewa ikapaa. Ng'ombe akila fosforasi iliyo kwenye jani, itaingia mfupani, au itatoka kwenye kinyesi ikiwa ileile, tayari kuingia kwenye jani jingine. Inachobadilisha ni mahali tu.

Na hapo ndipo siri ya duara lako ilipo. Ng'ombe wa baba yako walikuwa wapagazi. Mchana wanachunga huko mbali, usiku wanalala zizini, na usiku hawafungi choo. Tupige hesabu ya haraka. Tuseme walichunga hadi kilomita 5 kila upande, na zizi lilikuwa na upana wa mita 50. Eneo la malisho ni kubwa kuliko zizi mara 40,000. Kila siku, kwa miaka, kidogo kidogo cha eneo lote lile kilibebwa tumboni na kumwagwa kwenye nusu eka. Rutuba ile haikuzaliwa pale. Ilihamishwa, na huko ilikotoka ilipungua, ila kwa sababu malisho ni mapana hukuona pengo.

Kiboko, kwa taarifa yako, ni ng'ombe aliyegeuziwa ratiba: anakula nyasi nchi kavu usiku, mchana anashinda mtoni na kunya humo. Kwenye Mto Mara viboko maelfu wanaulisha mto namna hiyo kila siku. Nyumbu nao huzama humo wakivuka, kwa wastani zaidi ya 6,000 kwa mwaka. Nyama yao huisha kwa wiki chache, lakini mifupa huendelea kuachia fosforasi majini kwa miaka kama 7.

Turudi zizini. Si kila kirutubisho kilikaa. Unaijua ile harufu ya mkojo inayochoma pua ukifungua zizi alfajiri? Hiyo ni amonia, yaani nitrojeni inayokukimbia. Nitrojeni iko ya aina mbili, nyepesi na nzito kidogo. Inayotangulia kukimbia ni ile nyepesi zaidi, na ile nzito inabaki kwa wingi udongoni kama alama ya vidole. Mwaka 2018 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya ng'ambo ya mpaka, Narok, kwenye maboma ya wafugaji wa kale. Walikuta tabaka la kijivu la samadi iliyooza, lenye alama hiyo ya nitrojeni nzito, na fosforasi na kalisi kwa wingi kuliko udongo wa jirani. Umri wa maboma hayo ni kati ya miaka 1,550 na 3,700. Kwa hiyo duara la baba yako bado ni changa sana.

Wanyamapori nao wanachangia. Laikipia imeonekana kwamba swala pala hupenda kukaa kwenye maboma ya zamani, kwani nyasi ni tamu na uwazi unawaruhusu kumwona adui mapema. Wanakula huko vichakani, wanakuja kunya hapa. Ng'ombe wako wasioondoka bila fimbo huenda wanafanya kazi ileile.

Sasa mahindi. Tani moja ya punje, yaani magunia 11 hivi ya kilo 90, huondoka shambani na kama kilo 15 za nitrojeni na kilo 3 za fosforasi. Gunia likienda sokoni, virutubisho vimepanda lori na havirudi. Misimu ya mwanzo utafurahi sana. Itakayotangulia kupungua ni nitrojeni: utaona majani ya chini yanaanza umanjano kwenye ncha, ukiingia kwa katikati kama herufi V. Fosforasi itadumu zaidi. Miaka mingapi, hilo litaamuliwa na vipimo vya udongo, si na mimi.

Ila mimi ningekuwa wewe nisingelipasua jembe hilo duara. Ukoka ule ni malisho bora ya ndama na ng'ombe waliodhoofika, na ukishaung'oa utachukua muda kurudi. Samadi unayo tayari kwenye zizi la sasa, chota hiyo upeleke shambani. Au hamisha zizi kila baada ya muda, kama wanavyofanya baadhi ya wafugaji wa Laikipia kwa uzio wa vyuma unaobebeka, upate maduara mengi badala ya moja. Usishtuke zizi ulilolihama karibuni likikaa mwaka mzima au zaidi bila nyasi: samadi bado ni kali, na kitakachotangulia ni mchicha pori. Ukoka huja nyuma yake.

Ukiamua kulima, chota udongo sehemu tano ndani ya duara, kina cha sentimita 20, uchanganye kwenye ndoo safi na upime nusu kilo. Fanya hivyohivyo hatua mia nje ya duara. Mifuko miwili, iandike majina, usiichanganye. Maabara ikikupa majibu ya yote mawili, mwonyeshe na mwanao, atapata cha kumwuliza mwalimu.