Likizo kwa Vidole na Masikio: Maswali Yenu

Skuli zinakaribia kufungwa, kipupwe kimeshaingia, na maswali ya safari hii karibu yote yanahusu jambo moja: asiyeona, au ambaye maandishi ya kawaida hayamsomeki, atasoma nini likizo hii na vipi? Nimeyafupisha, na majina nimeyaacha.

Tunajitolea na watoto hapa Chake Chake. Tunataka kufanya shindano la kusoma: atakayemaliza kurasa nyingi apate zawadi. Watoto wawili wasioona na mmoja mwenye ualbino wanataka kuingia. Tuwawekee shindano lao peke yao?

Hapana. Liwe moja, ila acheni kuhesabu kurasa. Ukurasa wa nukta nundu (Braille, maandishi ya kusomwa kwa vidole) huingia mistari kama 25, kila mstari alama kama 40, nafasi zikiwemo. Ukurasa mmoja wa riwaya ukihamishiwa humo hutoka kurasa mbili, pengine tatu. Mkienda kwa kurasa, anayesoma kwa vidole atawaacha wenzake mbali bila jasho, na anayesikiliza kitabu kwenye simu hatakuwa na hata ukurasa mmoja wa kuonyesha. Hesabuni dakika. Dakika ishirini ni zile zile, ziwe za macho, za vidole au za masikio. Mzazi au dada mkubwa atie saini kwenye daftari, basi. Marekani, ambako mashindano ya kusoma likizo ya kiangazi ni desturi ya miaka mingi, maktaba nyingi huhesabu hivyo hivyo.

Huyo mwenye ualbino mkalisheni dirisha likiwa nyuma yake, si mbele; mwanga ukimpiga usoni hata herufi kubwa hazimsaidii. Mchapishieni hadithi kwa herufi za ukubwa wa 18 au zaidi, karatasi isiyong'aa, na mtafutieni kibao cha kuegemezea kitabu. Akikisogeza hadi kikagusa pua, mwacheni, ndivyo anavyoona. Wakubwa wana tabia ya kumwambia mtoto "kiweke mbali, utaharibu macho". Hayaharibiki kwa hilo.

Na siku za kukutana msizijaze mashindano matupu. Vitendawili havina haja ya karatasi. Hadithi ya kusimuliwa kwa "Paukwa! Pakawa!" inawaweka wote mahali pamoja. Tieni kwenye kikapu vitu vilivyomo ndani ya hadithi (kifuu, kipande cha kamba ya usumba, karafuu kavu, kombe la pwani), kila mtoto aingize mkono, ataje alichoshika, aseme kilitokea wapi kwenye kisa. Leteni na kanga kuukuu: anayeona asome maandishi yake kwa sauti, asiyeona atoe kisa kinachoelekeana nayo. Na bao! Mashimo 32, kete 64, yote ya kushikika. Sharti ni moja tu, anayecheza ataje shimo lake na idadi ya kete anazosambaza ili mwenzake afuatilie kwa sikio na kuhakikisha kwa mkono. Nawaonya wenye macho, msitegemee kupewa mteremko.

Binti yangu yupo darasa la nne, anasoma nukta nundu skuli. Akirudi nyumbani Wete hakuna kitabu hata kimoja cha aina hiyo, na baada ya likizo vidole vinakuwa vizito. Nifanye nini?

Mama, nenda skuli kabla hawajafunga, uombe kuazima vitabu viwili vitatu pamoja na kibao cha kuandikia nukta nundu na msumari wake wa kutobolea. Mashine ya Perkins, ya kuchapia nukta nundu, ni nzito na ghali, huenda wasiithubutu kuitoa; kibao kinaingia kwenye mkoba.

Kisha mpe kazi ya nyumba yenu. Aandike vibandiko vya makopo: chumvi, sukari, iliki, bizari. Karatasi ngumu ya kalenda ya mwaka jana inafaa sana. Kaa naye uone anavyofanya: kwenye kibao anaandika kutoka kulia kwenda kushoto, na kila herufi ameigeuza, kwa sababu nundu hutokeza upande wa pili wa karatasi. Kila herufi ina nafasi sita za nukta, tatu kushoto na tatu kulia. Herufi b, ambayo ukiisoma ni nukta mbili za juu upande wa kushoto, yeye anazitoboa upande wa kulia. Akishamaliza anaipindua karatasi na kuisoma kushoto kwenda kulia. Mtoto wa darasa la nne anayafanya haya kichwani bila kusita.

Na wewe jifunze kidogo. Herufi kumi za mwanzo, a hadi j, zinatumia nukta nne za juu peke yake. Ukizijua hizo, k hadi t ni zile zile zikiongezwa nukta moja chini kushoto. Hufiki kwenye kasi yake, lakini utaweza kumwachia kikaratasi juu ya meza ukienda sokoni.

Vitabu vya kuazima visimamishwe kwenye rafu, visilazwe kimoja juu ya kimoja. Unyevu wa kwetu pamoja na uzito hulaza nundu, na nundu iliyolala haisomeki tena.

Mimi ni mwalimu mstaafu, miaka 71, Mkunazini. Macho yamepungua sana. Nukta nundu sina nguvu ya kuanza. Nimebaki kusikiliza redio tu.

Shikamoo mwalimu. Kwanza, kama hujaenda kwa daktari wa macho, nenda. Ikiwa ni mtoto wa jicho, upasuaji mara nyingi hurudisha uoni. Ikiwa ni presha ya jicho, uliopotea haurudi, lakini dawa huweza kuuzuia uliobaki usipotee, kwa hivyo kuchelewa ni hasara.

Kuhusu kusoma, una simu ya kugusa au wajukuu wanayo? Simu nyingi za Android zina TalkBack, programu inayotamka kilichopo kwenye skrini. Ukigusa mara moja inakutajia ulichogusa, ukigonga mara mbili inafungua, na kupandisha ukurasa ni kwa vidole viwili. Mjukuu akuwashie siku ambayo hana haraka, na ajue kuizima kabla ya kuiwasha. Wengi wamekwama hapo, simu inapiga kelele na hakuna anayeweza kuifungua. Kwenye kompyuta ya Windows ipo NVDA, programu kama hiyo, ya bure, iliyoanzishwa Australia na vijana wawili wasioona. Kiswahili ipo nacho, ingawa sauti yake ya kawaida ni ya mashine hasa. Siku chache unaizoea.

Lakini usiwe msikilizaji tu, mwalimu. Hao watoto wa Chake Chake hapo juu wanahitaji msimuliaji, na wa mtaani kwako vile vile.

Mimi naona vizuri ila herufi zinanichanganya, sentensi moja naisoma mara tano. Vitabu vya sauti vya wasioona naruhusiwa? Nungwi.

Unaruhusiwa. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, wa kimataifa, wa kuwarahisishia vitabu wasioweza kusoma maandishi ya kawaida, ulioanza kufanya kazi 2016, unawataja wasioona, wenye uoni hafifu, wenye tatizo la kusoma kama lako (wataalamu wanaliita disleksia), na hata asiyeweza kushika kitabu kwa mikono. Sikiliza huku kitabu kipo mbele yako, kidole kikifuata mstari. Wala usione haya.

Tupo vijana wanne Jambiani. Tunataka kurekodi riwaya na kuwatumia ndugu wasioona kwenye kundi la WhatsApp. Kuna ubaya?

Nia njema, ila kitabu kina mwenyewe. Kumsomea ndugu yako ni jambo moja, kukimwaga kwenye kundi la watu mia ni jingine, na kesho kitakuwa kimefika Tanga na Mombasa kwa watu wenye macho yao. Nendeni kwanza Jumuiya ya Wasioona Zanzibar, ZANAB, au maktaba, mfanye kazi chini yao, na muombe idhini ya mwandishi au mchapishaji. Waandishi wetu wengi wapo hai na wanapatikana.

Mkianza, kila sura iwe faili lake, likitajwa kwa namba na jina la sura. Zimeni feni. Someni baina ya adhana na adhana, na mbali na majogoo. Msiigize sana, msikilizaji anataka riwaya, hataki tamthilia yenu. Picha au ramani ikitokea, ielezeni kwa sentensi mbili.

Shemeji yangu yupo Marekani, anasema maktaba ya huko inawapelekea wasioona vitabu kwa posta bila malipo. Mwanangu anaweza kujiandikisha?

Anasema kweli. Huduma hiyo ipo chini ya Maktaba ya Bunge la Marekani kwa sheria ya 1931, lakini ni ya wakaazi wa huko na raia wao walio nje. Mwanao mjaribishie Bookshare, maktaba ya mtandaoni inayopokea wanachama wa nchi nyingi. Vitabu vingi humo ni vya Kiingereza, na utatakiwa uthibitisho wa hali yake.

Kijana wangu anasikiliza hadithi za upelelezi na mapenzi tu. Nimkataze mpaka amalize za maana?

Baba, kaka zake wenye macho ulizikagua riwaya zao? Mwache. Asiyeona huchaguliwa kila kitu, nguo, chakula, hata njia ya kupita. Kitabu achague mwenyewe.

Msahafu wa nukta nundu upo? Na mtoto aliyezoea nukta za Kiswahili ataanzia wapi? Mkoani.

Upo, unachapwa katika nchi kadhaa za Kiislamu, na kwa ukubwa wa karatasi zake hutoka mijalada kadhaa, kwa hivyo mtengee rafu nzima. Nukta za Kiarabu husomwa kushoto kwenda kulia, kinyume cha maandishi ya wino, na herufi nyingi zinafanana na alizozizoea: ba ni ile ile b, ta ni t, mim ni m. Irabu zina alama zao, zinafuata baada ya herufi. Hilo la kushoto kwenda kulia mwambie maalim wake mapema, asije akamgeuzia kitabu.