Niru si sakafu ya gari: kwa wenye gereji za nyumbani Mtwara na Lindi

"Shikamoo fundi," ameandika dada mmoja wa Mikindani wiki hii. "Banda la gari limeshaezekwa, mlango umeshafungwa, imebaki sakafu. Fundi wangu anasema apige niru nyekundu. Mume wangu anataka vigae. Mimi nimeona epoksi, ule mpako mgumu wa sakafu, kwenye simu, inang'aa kama kioo. Kipi kinadumu?"

Marahaba, dada. Katika hivyo vitatu hakuna hata kimoja kinachobeba gari. Gari hubebwa na zege, na zege nalo hubebwa na udongo ulioshindiliwa. Cha juu ni nguo tu. Watu wa kwetu tunapenda kinachong'aa, ndiyo maana pesa inaishia kwenye nguo na mwili unabaki na njaa.

Tuanze na niru kwa sababu ndiyo inayoharibu mabanda mengi. Niru ni uji wa saruji wa unene wa milimita mbili au tatu, unapakwa juu ya plasta ya sakafu na kusuguliwa kwa mwiko mpaka ulainike. Barazani, kwa miguu mitupu na mkeka, hudumu miaka mingi. Chini ya gari haidumu. Uji wa saruji mtupu husinyaa kuliko mchanganyiko wa mchanga ulio chini yake, kwa hiyo hupasuka mipasuko midogo kama utando wa buibui. Dereva akikata usukani gari likiwa limesimama, tairi husokota pale pale na kuuvua ule utando kama ganda. Ongeza mchanga unaoingia na matairi: chembe zake ni ngumu kuliko saruji, na kila gari likiingia na kutoka zinafanya kazi ya msasa. Ubaya unazidi fundi anaponyunyiza saruji kavu juu ya zege bichi ili kunyonya maji yaliyopanda. Juu inabaki ngozi dhaifu, na baada ya miezi michache unafagia vumbi jeupe lisilokwisha.

Sasa zege. Hapa nitakaa, maana ndipo sakafu inapopona au kufa.

Chini kabisa ondoa udongo wenye mizizi na majani. Jaza moramu (udongo wa changarawe) kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, kila tabaka limwagiwe maji kiasi na kushindiliwa kwa mashine kabla ya kuweka jingine. Mchanga wetu wa pwani hauna gundi. Ukiujaza nusu mita kwa mkupuo mmoja na kuukanyaga kwa miguu, utazama mvua za kwanza zikipita chini yake, na zege litabaki linaning'inia. Piga dawa ya mchwa hapo. Kisha tandaza nailoni nzito, ya unene wa geji 1000, vipande vipandane sentimita 30 na pembeni ipande ukutani. Wengi huiruka nailoni kwa kudhani ni ya nyumba za kifahari. Kwa nyumba ya Shangani ya Mtwara au Mikindani, ambako maji ya ardhini yako karibu na yana chumvi, nailoni ndiyo inayozuia unyevu kupanda na kuacha ukungu mweupe juu ya sakafu. Bila hiyo usifikirie epoksi kabisa.

Unene: sentimita 10 kwa gari dogo, Noah au bajaji. Kama ni pick-up inayorudi na magunia ya korosho, weka 15. Tofauti ya sentimita tano inaonekana ndogo, lakini uwezo wa zege kubeba mzigo hupanda haraka sana kuliko unene wake.

Mchanganyiko ni 1:1½:3, yaani saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu. Ule wa 1:2:4 uuache kwa njia ya miguu. Saruji si tatizo huku, kiwanda cha Dangote kipo Mtwara tangu 2015. Chukua ya daraja la 42.5. Mfuko wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo kila mfuko mmoja unakula ndoo mbili na nusu za mchanga na ndoo tano za kokoto, ndoo za lita 20 zilizojazwa sawasawa. Usiruhusu kipimo cha koleo. Koleo la asubuhi na koleo la saa nane mchana, saidia fundi akiwa amechoka, si koleo moja.

Maji yasizidi lita 25 kwa mfuko, na mchanga ukiwa mbichi punguza hadi lita 20 au 22. Hapa ndipo ugomvi unapoanza, kwa sababu zege jepesi kama uji linamwagika kirahisi na kila mtu anataka kumaliza. Maji ya ziada hayageuki kuwa zege. Yanapanda juu, yanakauka, yanaacha vitundu, na kwenye vitundu hivyo ndimo oili na maji ya chumvi yanamoingia. Simama mwenyewe kwenye pipa la maji.

Kwa banda la mita 3 kwa 6 lenye unene wa sentimita 10 unahitaji mita za ujazo 1.8 za zege. Hiyo ni mifuko 15, nunua 16. Mchanga karibu mita za ujazo 0.8, kokoto 1.5. Ukienda unene wa sentimita 15, zege linakuwa mita 2.7: mifuko 24 pamoja na ya akiba, mchanga 1.2, kokoto 2.3.

Mchanga wa ufukweni usiuguse, hata kama lori linautoa bure. Chumvi yake huozesha nondo na BRC (wavu wa chuma unaolazwa ndani ya zege), na hata pasipo chuma huvuta unyevu wa hewa, sakafu ikatoka jasho kila asubuhi. Onja. Mafundi wazee huonja na wala si ushirikina. Maji ya kisima yenye ladha ya chumvi nayo ni hivyohivyo. Kwa uchafu, weka mchanga nusu ya chupa ya kioo, jaza maji, tikisa, acha usiku mmoja. Tope litakalotuama juu ya mchanga likizidi sehemu moja kwa kumi na mbili ya kimo chake, rudisha lori. Kokoto za mawe ya matumbawe ziache zijenge ukuta. Ni laini, zina vitundu, na zimekaa na bahari maisha yao yote. Jiwe gumu kama la majabali ya Masasi ndilo la kusaga na kumwaga sakafuni.

BRC ya milimita 6 yenye macho ya sentimita 20 inatosha. Kazi yake ni kushikilia nyufa zisifunguke, kwa hiyo inakaa sehemu ya juu, sentimita 4 chini ya uso kwa zege la sentimita 10, na 5 kwa la 15. Iinue kwa vitofali vidogo vya zege. Mtindo wa kuilaza juu ya nailoni kisha kuivuta kwa ndoano wakati zege linamwagwa haufai. Mtu mwingine anaikanyaga nyuma yako na inarudi chini, mahali ambapo haisaidii kitu.

Mwinuko wa kutoa maji ni sentimita moja kwa kila mita, kutoka ukuta wa nyuma kwenda mlangoni. Kwa mita 6 ni sentimita 6. Chora mstari ukutani kwa pima maji kabla ya kumwaga, usiamini jicho. Kati ya zege na ukuta weka ukanda wa povu wa sentimita moja, kila upande, ili sakafu itanuke na kusinyaa bila kugombana na ukuta.

Zege halilali, mafundi wanasema, na kweli banda lote limwagwe siku moja, mapema asubuhi. Lakini likishamwagwa halitaki haraka. Subiri maji ya juu yatoweke na unyayo uzame milimita 3 hadi 5 tu, ndipo uanze kusugua. Kama una pesa ya kipambo kimoja tu, kiweke hapa: unga wa kuimarisha sakafu, kilo 4 kwa mita moja ya mraba, kilo 72 kwa banda letu. Unanyunyizwa mara mbili, theluthi mbili kwanza, kisha theluthi iliyobaki ukivuka upande mwingine, na kila mara unasuguliwa mpaka uingie ndani ya zege. Ule si rangi wala niru. Unakuwa sehemu ya zege lenyewe, haubanduki, na kwa hali ya hewa yetu sioni kinachoushinda. Karibu na mlango, mahali mvua inaponyeshea, pitisha ufagio wa chelewa polepole ili uso uwe na mikwaruzo ya kuzuia kuteleza.

Kata mstari katikati ya banda kwa grainda ili upate vipande viwili vya mita 3 kwa 3. Kina kiwe robo ya unene: milimita 25 kwa zege la sentimita 10, karibu 40 kwa la 15. Kata mara tu msumeno usipong'oa kokoto, kwa joto letu ni jioni ileile au kesho yake alfajiri. Ukingoja keshokutwa, zege litakuwa limeshajichagulia lenyewe pa kupasukia.

Kumwagilia ni siku saba, si kumwaga ndoo mbili unapopita kwenda kazini. Upepo wa kusi ni mkavu na hunyonya zege bichi kuliko jua lenyewe. Funika kwa magunia ya katani, hayahaya ya korosho, yakae mabichi usiku na mchana. Yaoshe kwanza, la sivyo yataacha madoa ya rangi ya chai. Gari dogo liingie baada ya wiki mbili. Lenye mzigo lingoje siku 28.

Baada ya hapo ndipo tuzungumzie nguo.

Epoksi inafaa kwa mtu anayemwaga oili, anayechaji betri za gari au za sola, au anayetaka tu usafi. Tindikali ya betri hula saruji, epoksi huizuia. Lakini masharti yake ni makali. Zege liwe na siku 28 na zaidi. Bandika kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, ziba pembe zote kwa utepe wa gundi, kifunue kesho yake; ukikuta matone au zege limebadilika rangi, ngoja. Ondoa oili yote, kisha saga uso kwa grainda yenye kikombe cha almasi mpaka uwe kama msasa mkavu na tone la maji likidondoka linyonywe. Usioshe kwa tindikali ya chumvi. Inaacha chumvi ileile tuliyoikimbia kwenye mchanga. Kisha hali ya hewa: unyevu ukizidi asilimia 85, epoksi hutoka utando mweupe wenye grisi na tabaka la pili halishiki. Kwa hiyo Januari mpaka Aprili sahau. Fanya Juni hadi Oktoba, anza saa tatu asubuhi umande ukishakauka, koma alasiri. Changanya kidogo kidogo, kwa joto letu ndoo nzima inaweza kugandia mkononi ndani ya nusu saa. Lita moja ya ile isiyo na maji wala thina hufunika mita za mraba 5 kwa unene wa milimita 0.2, hivyo tabaka mbili za banda letu ni lita 7 na kidogo. Kopo moja lisilo na kichanganyio, hata likiandikwa epoksi, ni rangi tu. Tairi linalotoka barabarani na moto litaling'oa.

Vigae: vya poselini tu, vyenye uso wa kukwaruza, unene wa milimita 10. Kinachovunja kigae si uzito, ni uwazi chini yake. Ile desturi ya kuweka vidonge vitano vya chokaa na saruji kisha kubonyeza inaacha mashimo, na tairi linapita juu ya shimo. Gundi itandazwe yote kwa mwiko wa meno ya milimita 10 na mgongo wa kigae upakwe pia. Hesabu kilo 5 kwa mita ya mraba. Hata hivyo jeki itakutafutia ubaya, kwa hiyo ubao chini ya jeki siku zote.

Pevingi (matofali ya zege ya kupanga chini) za milimita 80 zafaa nyumba ya kupanga au ardhi isiyotulia, kwa sababu zinang'oka na kupangwa upya. Zinanyonya oili, basi.

Jambo moja ambalo mafundi kutoka nje ya mikoa yetu hawalijui: salfa. Watu wengi huhifadhi mifuko ya salfa kwenye banda la gari msimu wa kupuliza mikorosho. Salfa iliyomwagika na kupata unyevu hugeuzwa na bakteria kuwa tindikali, nayo inakula zege taratibu mpaka kokoto zitokeze. Mafuta ya ganda la korosho nayo ni makali. Vyote vikae juu ya chaga za mbao, na kilichomwagika kizolewe kikavu, kisioshwe kwa maji.

Dada, hukusema kama jamvi, yaani zege la sakafu, limeshamwagwa. Kama lipo, ligonge kwa nyundo kila hatua moja. Panapolia kama mtungi pana uwazi. Toboa pembeni upime unene. Ukikuta sentimita 5 juu ya mchanga mlegevu, vunja, samahani kwa habari hiyo. Ukikuta 10 na linalia zito, likwaruze, lioshe, lipake uji wa saruji wenye gundi ya kuunganishia, kisha mwaga juu yake zege la kokoto ndogo za milimita 10, unene wa sentimita 4 kabla uji haujakauka, na mistari ya juu ikatwe palepale ilipo ya chini.

Ukianza moramu mwishoni mwa Mei, zege linamwagwa Juni, epoksi ukiitaka inapakwa Agosti, na gari la korosho la Oktoba linaingia kwenye sakafu yenye miezi minne.