Fuwele kwenye kompyuta: anza na kalsaiti

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kuelewa fuwele kwa kompyuta tu, ukiwa hapo Mbeya bila maabara. Unaweza. Pakua VESTA, programu ya kuonyesha fuwele kwa pande tatu, ni bure kwa masomo, halafu chukua faili za CIF (zinaeleza kila atomi imekaa wapi) za madini mawili, kalsaiti na aragonaiti, kutoka Crystallography Open Database, hazina ya mtandaoni. Zote mbili ni CaCO3, fomula ileile! Zizungushe taratibu uhesabu oksijeni zinazoizunguka kila kalsiamu: kwenye kalsaiti ni 6, kwenye aragonaiti 9. Sasa utaona kwa nini aragonaiti ina densiti kubwa zaidi, kama gramu 2.93 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 2.71: atomi zake zimebanana zaidi. Kitabuni picha imelala tu, hutaliona hilo hata ukodoe macho.

Ukizoea, fungua pairokloo, madini yenye metali ya niobiamu yanayopatikana Panda Hill, hapo magharibi ya mji. Ndani yake sodiamu na kalsiamu hugawana nafasi zilezile, ndiyo maana fomula yake ina mabano na koma.

Modeli haikuonyeshi ugumu, kwa hiyo tafuta kipande cha kalsaiti ukikwaruze kwa kisu. Kitachubuka kirahisi, ugumu wake ni 3 tu kwenye kipimo cha Mohs cha 1 hadi 10.