Pevingi Zinazotitia Kando ya Bahari: Usilaumu Tofali

Msomaji ameleta picha tatu za njia ya kutembea ufukweni. Pevingi zimebonyea kama kitanda cha kamba kilicholegea, na dimbwi limetulia katikati. Anauliza anunue tofali gani lenye nguvu zaidi. Ndugu yangu, hata ukitandaza granaiti itabonyea. Njia hiyo hailiwi na nyayo za watu, inaliwa kutoka chini.

Maji yakijaa hupenya nyuma ya ukuta unaotenga njia na bahari. Yakipwa hutokea kwenye nyufa na matundu ya kutolea maji ukutani, na kila yakitoka hubeba punje za mchanga. Pango hukua taratibu chini ya tofali ambalo halina kosa lolote.

Hakikisha kwanza kabla hujatoa hata senti. Subiri bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwandamo. Maji yakianza kupwa, shuka ukinge yale yanayotoka kwenye matundu ya ukuta kwa chupa inayoonyesha ndani, kisha iache itulie dakika kumi. Mchanga ukijilaza kwenye kitako cha chupa, huo ndio msingi wako unaokwenda baharini. Kisha ng'oa tofali moja karibu na ukuta, uchomeke nondo chini. Ikizama bila kusukumwa, pango liko hapo.

Sasa makosa mawili yanayofanywa kila mahali. La kwanza ni kumwaga zege juu ya palipobonyea. Pevingi angalau hukuonya kwa kubonyea. Bamba la zege hunyamaza huku pango likipanuka chini yake, halafu huvunjika kwa mkupuo. La pili ni kuziba matundu ya ukuta. Bahari ikipwa, maji yaliyonaswa nyuma yanausukuma ukuta kuelekea nje, nao huanza kuinama. Matundu yaache wazi. Zuia mchanga, usizuie maji.

Kazi yenyewe: ng'oa pevingi upana wa mita mbili kutoka ukutani, uchimbe hadi chini ya matundu na ufike udongo mgumu. Tandika jiotekstaili isiyofumwa, yaani kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia mchanga, ipande hadi juu ya mgongo wa ukuta, na vipande vipandane angalau sentimita 30. Hapo kwenye mapandano ndipo mafundi hubania, na hapo hapo ndipo mchanga hutorokea. Upande wa ndani wa ukuta, kwenye matundu, weka kokoto safi za milimita 20 hadi 40 zisizo na vumbi. Jaza kifusi kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ishindiliwe peke yake kwa mashine. Ukijaza nusu mita kwa mkupuo, juu patakuwa pagumu na chini pamelegea.

Juu yake weka sentimita 15 za kokoto zilizoshindiliwa, kitambaa tena, kisha mchanga wa kulalia wa sentimita tatu tu. Fundi akitumia tabaka nene la mchanga kusawazisha mabonde, mabonde yatarudi. Mteremko uwe sentimita mbili kwa kila mita, kuelekea mfereji au baharini. Pevingi za milimita 60 zinatosha watembea kwa miguu. Gari la taka likipita, weka 80. Funga kingo kwa zege, vinginevyo tofali za pembeni huteleza na safu nzima hufuata. Malizia kwa mchanga laini mkavu kwenye viungo. Saruji hapana.

Reli za kushikilia kando ya njia: chuma cha pua daraja la 316. Lile la 304 huota madoa ya kahawia kwa chumvi ya hewani, na muuzaji atakuapia kuwa ni kitu kile kile. Kimo mita 1.1, nafasi kati ya nguzo ndogo isifike sentimita kumi, kichwa cha mtoto kisipite. Kwenye zege lolote jipya, nondo zifunikwe kwa milimita 50 au zaidi, na mchanga wa ufukweni usiguse mchanganyiko.

Benchi ziwe na kimo cha sentimita 45, ziwe na egemeo na mikono ya kumsaidia mzee kuinuka, na zikae kivulini. Kwa kivuli, mti wa mkungu unavumilia chumvi, ila usiupande karibu na ukuta uliotoka kuutengeneza.

Ukimaliza, subiri bamvua linalofuata urudi na chupa ile ile.