Presha Iko Juu, Jino Linauma: Nifanyeje?

SWALI: Daktari, nina miaka 56 na natumia dawa ya presha, amlodipini miligramu 10, kila asubuhi. Gego langu la chini limetoboka, linauma usiku kucha. Nilipokwenda kuling'oa presha ilisoma 186/112, nikarudishwa. Siku hiyo sikumeza dawa, nikidhani itagombana na ganzi. Je, ganzi ni hatari kwangu? Na haya maumivu nimeze nini?

JIBU: Pole sana. Dawa yako haigombani na ganzi. Kuiacha ndiko kulikokuponza. Siku ya kung'oa jino imeze saa ileile ya kila siku.

Waliokurudisha walifanya sawa. Namba ya juu ikifika 180 au ya chini 110, kung'oa jino kusiko kwa dharura huahirishwa. Ila kipimo kimoja cha mtu aliyeingia sasa hivi, ana hofu na jino linampwita, hakitoshi. Keti kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono usawa wa moyo, kisha upimwe mara mbili. Mkanda mdogo wa kipimo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Ukiwa na presha hiyo pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au udhaifu wa upande mmoja, nenda hospitali mara moja. Vivyo hivyo uso ukivimba ukashindwa kumeza.

Kinachoogopwa kwenye ganzi ni adrenalini, inayobana mishipa ili ganzi idumu. Kichupa cha mililita 1.8 chenye adrenalini ya 1:100,000 kina miligramu 0.018 tu. Kwa mgonjwa kama wewe kikomo cha tahadhari ni 0.04, yaani vichupa viwili, vikidungwa polepole baada ya kuvuta sindano kidogo kuhakikisha haiko ndani ya mshipa wa damu. Ganzi isiyoshika ni mbaya zaidi, kwa sababu ukiumia mwili wenyewe humwaga adrenalini. Usione haya kusema "bado nasikia". Anayetumia propranololi, dawa nyingine ya presha, aseme mapema, maana ikikutana na adrenalini presha inaweza kuruka ghafla.

Kwa maumivu, kama ini lako ni zima, meza parasetamoli ya miligramu 500, vidonge viwili kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa saa 24. Usichukue ile ya kuyeyusha kwenye maji yenye povu: ina sodiamu nyingi. Epuka ibuprofeni na diklofenaki. Hufanya mwili ushikilie chumvi na maji, presha ikapanda.

Jino likitoka, ng'ata gozi (kitambaa cha kufungia vidonda) kwa nguvu dakika 30 bila kuchungulia. Usishuke kwenye kiti ghafla. Keti wima kwanza, kizunguzungu kisikuangushe.

Hukuuliza, lakini angalia fizi zako. Amlodipini huweza kuzikuza hadi zikapanda juu ya meno, hasa penye ugaga. Ukiona hivyo usiiache dawa. Safisha meno, kisha mwone daktari wa presha aamue kama ya kubadilishwa.