Maikrogrini kwenye joto la Mtwara: hesabu saa, si siku

Anayetaka kuanza kuotesha maikrogrini hapa Mtwara huniuliza kwanza habari za mbegu: anunue zipi, wapi, kwa bei gani. Mimi humuuliza mteja wake anakaa wapi na anakula saa ngapi. Mbegu nzuri na trei safi zitakupa mboga nzuri, lakini ubora huo unaanza kupungua dakika ile unapopitisha mkasi, na joto la pwani yetu halina subira.

Kwa asiyezijua, hizi ni mboga zinazovunwa zikiwa bado miche, zina vijani viwili vya kwanza tu, kwa kawaida siku 7 hadi 14 baada ya kupandwa. Huliwa mbichi, majani na shina lake. Mimi naotesha figili, haradali, alizeti, giligilani na mchicha mwekundu kwenye unga wa makumbi ya nazi uliooshwa ukatoka chumvi. (Mbegu zilizopakwa dawa, zile za rangi ya waridi au kijani kutoka duka la pembejeo, usizitumie kabisa kwa kazi hii.)

Mche uliokatwa haufi papo hapo. Unaendelea kupumua, ila hauna tena mzizi wa kuuletea maji, na akiba ya sukari iliyomo ndani yake ni ndogo mno. Jani ni jembamba, ngozi yake haijakomaa, kwa hiyo maji yanatoka upesi. Joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya mboga kuharibika huongezeka mara 2 hadi 3. Sasa linganisha friji yenye nyuzi 4 na baraza la nyumba ya Ligula saa nane mchana mwezi Desemba, joto likiwa limevuka nyuzi 30. Ile ya kwenye friji, ikiwa kavu, inaweza kukaa wiki nzima na zaidi. Ile ya barazani jioni imeshalala.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Maryland na Wizara ya Kilimo ya Marekani walichapisha vipimo vya vitamini katika aina 25 za maikrogrini. Kabichi nyekundu iliongoza kwa vitamini C, giligilani kwa karotini, mchicha mwekundu kwa vitamini K na figili kwa vitamini E. Wauzaji tunapenda kuzitaja sifa hizi, nami nazitaja kwa furaha, maana mchicha na giligilani ni vitu vyetu. Lakini vitamini C ni dhaifu: joto, hewa na kunyauka vyote vinaimaliza, na inaondoka huku jani bado linapendeza machoni. Ukilowesha mboga iliyonyauka kwenye maji baridi, itasimama tena. Vitamini iliyopotea hairudi.

Kwa hiyo nakata alfajiri, kabla jua halijagusa trei, na jioni iliyotangulia simwagilii juu ya majani. Mkasi uwe mkali kwelikweli, maana mkasi butu unaponda shina, na pale palipopondeka ndipo weusi na utelezi huanzia. Baada ya kukata sioshi. Hili nalisisitiza kwa sababu wengi huosha wakidhani wanamtendea mteja wema, kumbe maji yanayobaki kati ya vijani ndiyo yanayoozesha boksi zima kwa usiku mmoja. Mlaji ataosha kwa maji safi na salama wakati wa kula. Ni chakula kibichi, hilo halina mjadala.

Ndani ya boksi natandika karatasi ya tishu kavu, sishindilii, kisha boksi linaingia kwenye deli lenye barafu iliyofungwa kwa kitambaa. Barafu ikigusa jani moja kwa moja, jani linaungua kwa baridi na kugeuka kama limechemshwa. Deli liwe la mboga peke yake. Huku kwetu deli nyingi zimeshabeba samaki kutoka feri, na harufu ile pamoja na vijidudu vyake haitoki kwa kusuuza mara moja.

Wapishi wazuri wanajua kukagua. Yupo mmoja wa Shangani ambaye hata salamu haijaisha ameshafungua boksi: "Mama, hizi za leo?" Namjibu, "Za leo, mwanangu, vunja shina uone." Shina bichi linavunjika kwa mlio, la jana linapinda tu. Anatazama ncha ya mkato kama imegeuka kahawia, ananusa kama figili bado ina ukali wake puani. Mchicha mwekundu una ushahidi wake mwenyewe: ukiona maji mekundu chini ya boksi, jani limeshapasuka ndani na rangi inavuja. Usinunue.

Kwa wateja wa mbali ushauri wangu ni mmoja tu: peleka trei ikiwa hai, wakate wenyewe. Mikindani ni mwendo mfupi wa bajaji, deli linatosha. Lindi ni zaidi ya kilomita 100, na sijaona sababu ya kupakia mboga iliyokatwa kwenye buti la basi. Trei hai inataka kivuli na maji kidogo, na mpishi anakata kiasi cha sahani iliyo mbele yake, anaweka juu ya pweza wakati wa kupakua, si ndani ya sufuria. Asiichelewe mno, hata hivyo: alizeti ikishatoa majani ya kweli inakuwa chungu.

Nyumbani, weka boksi kwenye friji mbali na embe, papai na ndizi mbivu, kwa sababu matunda hayo hutoa gesi inayozeesha majani haraka. Mrihani usiuweke humo kabisa, chini ya nyuzi 10 unakuwa mweusi. Umeme ukikatika muda mrefu, kula usiku huohuo. Zilizonyauka tu, bila harufu wala utelezi, zitie kwenye mchuzi dakika ya mwisho. Zenye utelezi zitupe.